Turbo mbili za N54, injini ikibaki mahali pake

Kabla ya spana ya kwanza

Gari ni BMW 335i, kupe ya E92, usukani kulia, gia za mkono, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Hilo la mwisho ni nafuu kubwa, maana ile inayovuta kwa magurudumu yote manne ina difu na shafti za mbele zinazokaa palepale ninapotaka kupitisha mikono. Injini ni N54: silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,979, turbo mbili ndogo za Mitsubishi aina ya TD03, yaani vipulizia hewa vinavyozungushwa na moshi wa injini. Ya mbele inalishwa na moshi wa silinda 1 hadi 3, ya nyuma na 4 hadi 6. Ilipotoka mwaka 2006 ilitangazwa kwa farasi 306 na toki ya Nm 400 inayoanza chini kabisa, na mwaka 2007 na 2008 ikachukua tuzo ya injini bora ya mwaka. Sifa zote hizo ni za kweli. Ila aliyeipanga hakumfikiria sana fundi atakayekuja baadaye.

Mwenye gari ana malalamiko mawili. Kuna mlio wa bati, kama sarafu ndani ya kopo, unaosikika mguu ukiachia mafuta kidogo mizunguko ikiwa chini. Na kuna moshi wa bluu: injini ikikaa inaunguruma bila kazi kwa dakika kadhaa, ukikanyaga tu, kioo cha nyuma kinajaa wingu. Skana nayo imeleta lake, kodi 30FF, yaani busti, shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo, haifiki kiwango ambacho kompyuta imeagiza.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha kuihukumu turbo. 30FF inaletwa na hozi ya vakyumu (mvuto wa hewa) iliyopasuka kwa joto, solenoidi (valvu ya umeme) iliyochoka, au bomba la kwenda intakula, rejeta ya kupozea hewa ya turbo, lililochomoka kwenye klipu. Moshi wa bluu unaletwa pia na sili za valvu, au na mfumo wa kupumulia wa injini. Kwenye N54 mfumo huo, busti inapopanda, hutema mvuke wake wa oili kwenye bomba la kuingizia hewa la turbo ya nyuma. Kwa hiyo oili utakayoikuta ndani ya bomba hilo si ushahidi dhidi ya turbo. Aliyenunua turbo mbili kwa kuona bomba limelowa anaweza kujikuta na turbo mpya na moshi wa zamani.

Nimeanza na vya bei nafuu. Kompresheni ya silinda zote sita iko karibu sawa. Valvu ya kupumulia ni mpya, mwenyewe aliibadilisha akitumaini. Moshi wa kupimia uvujaji, uliopulizwa kwenye njia ya hewa, haukutoka popote. Pampu ya mkono ya vakyumu kwenye kopo za westigeti, mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo ili kupunguza busti, inaonyesha diaframu zinashika, lakini mkono wa westigeti ya nyuma ukiugusa unacheza juu chini na pembeni. Bushi imekwisha.

Kisha nikaingiza kamera ya waya upande wa kompresa, ule wenye feni inayosukuma hewa. Shafti ya turbo huelea juu ya utando wa oili, kwa hiyo mchezo kidogo wa pembeni ni halali, hasa ikiwa kavu. Unaotisha ni ule wa kwenda mbele na nyuma, na kinachomaliza ubishi ni feni kugusa ukuta wa nyumba yake. Kwenye turbo ya nyuma ncha za feni zimeng'aa upande mmoja, na ukuta una alama ya msuguano. Ya mbele haijafika huko, ila zimetembea umbali mmoja na zimeunguzwa na oili moja. Zote mbili zinatoka.

Injini itoke au ibaki?

Ubishi huu hauishi. Wanaotaka itoke wana hoja: ukiwa nayo kwenye stendi unaona kila nati. Lakini kuitoa ni kufungua pia giaboksi, waya zote, mabomba ya kiyoyozi na gesi yake, na uso mzima wa mbele wa gari.

Injini hii imelazwa kidogo kuelekea kulia, na turbo zimejificha upande huohuo, chini ya ubavu. Ukifungua boneti unaona kinga za joto tu. Njia ya kutokea ni chini, na kinachoziba njia hiyo ni sabfremu ya mbele, ile fremu ndogo ambayo injini imekalia. Kwa hiyo mpango ni kuitundika injini kwa krosbari, chuma kinacholala juu ya fenda mbili, kutoka juu, kisha kushusha sakafu iliyo chini yake. Kazi haipungui kwa mpango huu, inahamia tu kutoka kwenye winchi kwenda kwenye vidole, mgongo na subira. Kwa mtu mwenye gari juu ya stendi nne na si lifti, naona bado ni biashara nzuri.

Ijumaa jioni: maji, hewa na vitu vya juu

Betri iko kwenye buti; hasi imeondolewa kwanza. Kulanti imemwagwa, oili imemwagwa na filta imetoka. Oili ilikuwa nyeusi na nyepesi, ikinuka petroli kidogo. Kwa injini inayopulizia petroli moja kwa moja kwenye silinda hilo si ajabu, lakini ni sababu tosha ya kutofuata muda mrefu wa kubadilisha oili unaoandikwa na kiwanda.

Makasha ya filta, sanduku la filta ya kabini chini ya kioo, bati za kukaza mnara wa shoki, feni ya rejeta: vyote nje. Mabomba mawili ya plastiki yanayoingiza hewa kwenye turbo nayo yamefunguliwa upande wa juu. La nyuma lina bolti iliyofichwa ambayo huioni, unaipapasa. Plastiki ya umri huu huvunjika ukiivuta ikiwa baridi. Nimeipasha kwa hewa ya moto ikalegea bila ugomvi.

Nati zote za moshi zimenyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu na zitaachwa zinywe usiku kucha. Nikirudi asubuhi nanyunyizia tena.

Jumamosi: kushusha sakafu

Usukani umefungwa ukiwa umenyooka kabla ya kuachanisha shafti yake na reki ya stelingi. Usipofanya hivyo, usukani ukazunguka huku hauna kinachouzuia, utepe wa waya za eabegi ulio nyuma yake unakatika na una kazi nyingine juu ya kazi. Kwenye gari la usukani kulia shafti hiyo inapita karibu kabisa na turbo, kwa hiyo lazima itoke njiani kwa vyovyote. Hapo ndipo wenzetu wa usukani kushoto wanapotuzidi.

Bati la kukazia la chini limetoka. Bolti zake ni za kukazwa kwa kuzungushwa digrii kadhaa, zinavutwa kidogo zinapofungwa, kwa hiyo zinaingia kwenye ndoo na nyingine mpya zimeagizwa. Daunipaipu mbili, mabomba ya moshi yanayoshuka kutoka kwenye turbo, zimefuata. Klampu zake zilikuwa na kutu lakini zikakubali. Nimeweka alama ya rangi kwenye kila moja, ya mbele na ya nyuma, maana zikilala chini pamoja zinadanganya.

Krosbari juu ya fenda, ndoana imekamata injini, imekazwa hadi raba za injini zikapumua. Jeki ya giaboksi chini ya sabfremu. Reki ya stelingi imefunguliwa kwenye sabfremu na kuning'inizwa kwa waya, mabomba yake ya haidroliki yakiwa bado yamefungwa, ili nisianze kutoa upepo kwenye stelingi baadaye. Bolti za sabfremu zimetoka na ikashuka polepole. Mdogo wangu anashusha, mimi natazama kila waya na kila hozi isivutike.

"Kaka, mbona injini imeyumba?"

Imeyumba kwa sababu raba ya kushoto ilikuwa bado imeshikwa na pini yake. Tumepandisha kidogo, pini imetoka, tumeshusha tena. Krosbari haitikisiki. Hata hivyo stendi ya pili imewekwa chini ya katera ya oili ikiwa na ubao juu yake, haibebi kitu, iko hapo kwa ajili ya usingizi wangu.

Raba ya kulia na mkono wake wa alumini vikishatoka, kwa mara ya kwanza turbo zinaonekana. Kinga za joto nazo nje. Sasa kuna nafasi ya mkono mmoja na nusu.

Jumapili: mabomba ndiyo kazi

Anayesema anabadilisha turbo anabadilisha mabomba, turbo zinakuja baadaye. Kila moja ina bomba la kuletea oili yenye shinikizo, bomba la kurudisha oili kwenye injini, la kuleta maji na la kurudisha maji. Zidisha kwa mbili. Yote ni ya chuma kigumu, yamekunjwa kukwepana, na ukifungua moja kwa mpangilio usiofaa linalofuata halifikiki.

Bolti za banjo za oili, zile zenye tundu la kupitishia oili ndani yake, zilitoka kwa soketi fupi na kona mbili za kuunganisha. Washa zake za shaba zote zinatupwa. Washa iliyokwisha kubanwa haibani tena vilevile, na uvujaji wa hapo utauona siku sabfremu imerudi juu. Mabomba ya kurudisha oili yana oringi upande wa bloku. Zilikuwa ngumu kama plastiki, zikavunjika vipandevipande, na kila kipande nimekihesabu kikitoka.

Nimeyapasua kwa msumeno mabomba mawili ya zamani ya kuletea oili, kwa udadisi tu. La nyuma lina ukoko mweusi wa kaboni ulioziba sehemu kubwa ya njia karibu na turbo. Turbo hizi zinaweza kuzunguka hadi karibu mara 200,000 kwa dakika, na chuma cha upande wa tabo, feni inayozungushwa na moshi, kilichaguliwa kuvumilia gesi ya nyuzi 1,050 za selsiasi. Injini ikizimwa ghafla ikiwa moto, oili iliyosimama ndani ya bomba inapikwa. BMW waliliona hilo, ndiyo maana pampu ya maji ya umeme huendelea kuzungusha maji baada ya injini kuzimwa. Lakini pampu iliyochoka haizungushi kitu, na oili iliyokaa muda mrefu hupikika haraka. Ukifunga turbo mpya kwenye bomba hili umeinunulia kiu.

Mabomba yote ya oili na maji yanabadilishwa. Hili sijadiliani na mteja.

Jumapili, jioni: nati za manifoldi

Manifoldi na nyumba ya tabo ni chuma kimoja cha kumwaga, kwa hiyo turbo inatoka pamoja na manifoldi yake. Nati za mbele zimekuja vizuri. Za nyuma, ile ya juu upande wa ukuta wa moto, nimeifikia kwa ekstensheni ndefu yenye kiungo cha kupinda katikati, tochi mdomoni, nikisikiliza zaidi ya kuona. Mdogo wangu ana vidole vyembamba kuliko vyangu na leo vimelipa.

"Kaka, hii imetoka na stadi yake."

Hilo si tatizo. Stadi, bolti isiyo na kichwa ambayo nati hukazwa juu yake, ikitoka nzima na nyuzi za kichwa zikibaki safi ni bora kuliko stadi iliyokatika. Kadhaa zimetoka hivyo, na zote za turbo ya nyuma zinawekwa mpya. Nyuzi za kwenye kichwa zimesafishwa kwa tapu iliyopakwa grisi ili vumbi la chuma ling'ang'anie hapo lisidondokee tundu la moshi. Matundu yote sita yamezibwa kwa vitambaa vyenye rangi ya kung'aa.

Turbo ya mbele imetoka kwanza, ikageuzwa robo, ikashuka. Ya nyuma imefuata njia hiyohiyo baada ya kusogezwa mbele kuchukua nafasi ya mwenzake. Ukiishika mkononi na kuivuta shafti, unasikia tik.

Katikati ya wiki: mezani

Sehemu hii wengi huiruka kwa hamu ya kufunga, na mimi naona hapa ndipo pa kukaa.

Turbo mpya ni za ukubwa uleule wa kiwanda, ila bushi ya mkono wa westigeti ni imara zaidi. Mwenyewe aliuliza kuhusu kubwa zaidi. Turbo kubwa inataka intakula kubwa, pampu ya petroli, programu mpya ya kompyuta, na klachi itakayolia baadaye. Alitaka gari lisilotoa moshi, tumekubaliana kurudi hapo.

Kila mpya imelazwa kando ya ya zamani: tundu la kuingizia oili, pembe ya nyumba ya kompresa, urefu wa fimbo ya westigeti. Uso wa manifoldi umepimwa kwa rula ya chuma na fila geji. Mmoja ulikuwa na ukingo ulioinuka kidogo kwenye alama ya kumwagia chuma. Umelainishwa kwa faili.

Kisha westigeti. Kwenye injini nyingi za turbo busti yenyewe ndiyo inayosukuma kopo kufungua westigeti. N54 iko kinyume: vakyumu inavuta kuifunga, na vakyumu ikikosekana springi inaiacha wazi. Ndiyo maana hozi moja iliyopasuka inaiua busti badala ya kuipandisha. Fimbo ikiwa ndefu mno westigeti haifungi sawasawa, 30FF inarudi. Ikiwa fupi mno haifunguki vya kutosha na busti inapanda kuliko ilivyoagizwa. Nimefunga pampu ya mkono yenye geji kwenye kila kopo, nikavuta taratibu, na kurekebisha nati ya fimbo hadi turbo zote mbili zifunge kwenye kipimo kimoja cha geji. Kufanana kwao ni muhimu kuliko namba yenyewe, kwa sababu kompyuta inapima busti moja tu baada ya hewa za pande zote mbili kuchanganyika; haiwezi kujua ni ipi inayobeba mzigo wa mwenzake.

Hozi za vakyumu zimebadilishwa zote kwa silikoni nene, kuanzia pampu hadi solenoidi hadi kopo. Kwa sabfremu iliyo chini, hii ni kazi ya mchana mmoja. Baadaye, kila kitu kikiwa mahali pake, ni adhabu.

Jumamosi inayofuata: kurudisha

Gasketi za chuma za tabaka nyingi, kavu, bila gundi yoyote. Turbo ya nyuma kwanza. Nati zote zimeanzishwa kwa vidole kabla ya kukaza hata moja, kisha zimekazwa kutoka katikati kwenda nje kwa toki renchi, mara mbili.

Kabla ya kufunga bomba la kuletea oili, kila turbo imejazwa oili safi kwenye tundu lake huku feni ikizungushwa kwa kidole. Bomba la kurudisha oili limechunguzwa mara ya mwisho kwa kupulizia. Bomba hili halina shinikizo. Oili inashuka kwa uzito wake tu, ikiwa na povu. Likibanwa kidogo au likiziba nusu, oili inapanda ndani ya turbo na kutokea kwenye sili, na mtu atasema turbo mpya ni mbovu.

Mabomba ya maji yamefungwa, kinga za joto zote zimerudi, pamoja na ile ndogo inayolinda shafti ya usukani ambayo mara nyingi hubaki sakafuni kazi ikiisha. Kisha bomba la hewa la turbo ya nyuma. Oringi mpya, grisi ya silikoni, na ile bolti isiyoonekana. Kama ningeulizwa ni kitu gani kimoja katika kazi hii yote kinastahili matusi, ni hiki. Limeingia, klipu ikalia ilipokubali, nikalivuta kwa nguvu kuhakikisha, kwa sababu klipu isiyokaa hunyonya hewa isiyochujwa na vumbi hula feni mpya.

Sabfremu imepanda bila kisa, bolti mpya. Reki, shafti ya usukani kwenye alama yake, bati la kukazia, daunipaipu.

Jumapili: maji na moto

E92 hii haina kijiti cha kupimia oili. Kiwango kinasomwa kwa sensa injini ikiwa imepata joto. Kwa hiyo nimepima oili kwenye jagi kabla ya kumimina.

Kutoa upepo kwenye kulanti hakutaki injini iwashwe. Chaja kwenye betri, swichi imewashwa, hita kwenye joto la juu kabisa na feni yake kwenye kasi ya chini, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho kwa sekunde 10. Pampu ya umeme inaanza yenyewe na kuzunguka kama dakika 12. Utaisikia ikikoroma, kisha ikitulia hewa inapokwisha. Maji yaliyoshuka yameongezwa na pampu ikazungushwa tena.

Fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa, stata ikapigwa vipindi vifupi hadi taa ya oili ikazimika. Fyuzi imerudi. Imewaka, ikatoa moshi mweupe mwingi wa mafuta ya kulegeza kutu na alama za vidole vyetu vikiungua juu ya manifoldi. Mdogo wangu alirudi nyuma hatua kadhaa. Moshi huo ukaisha wenyewe. Tochi na kioo chini ya gari: kavu kwenye banjo zote, kavu kwenye marejeo ya oili, tone moja la maji kwenye klampu ya hozi ya juu, imekazwa.

Imeachwa ikiunguruma hadi kufikia joto lake, ikazimwa, ikapoa kabisa, kiwango cha maji kikaangaliwa, ikawashwa tena. Ilipokaa inaunguruma muda uleule uliokuwa ukileta wingu, nikakanyaga, na kioo cha nyuma kikabaki safi.

Barabarani, na yaliyobaki

Mwendo wa kwanza ulikuwa wa mguu mwepesi, skana ikirekodi. Busti inayopimwa inafuata inayoagizwa bila pengo la kudumu, na amri ya solenoidi iko chini kuliko ilivyokuwa kabla ya kazi, yaani kompyuta haihangaiki tena kufunga westigeti. 30FF haijarudi. Mlio wa bati haupo, hata mguu ukiachia taratibu kwenye mizunguko ileile.

Usukani uko kombo kidogo kwenda kulia, kama ilivyotarajiwa sabfremu ikishashushwa. Alaimenti ni kesho. Oili hii ya kwanza haitakaa. Itatoka baada ya kilomita chache, filta ikatwe na kukunjuliwa nione kama kuna chuma ndani. Nati za manifoldi zitaguswa tena kwa toki renchi injini ikiwa baridi, zile zinazofikika. Za nyuma juu itabidi niziamini. Mwenyewe ameambiwa asikanyage hadi chini kabla oili haijapata joto. Tayari ameuliza tena kuhusu turbo kubwa.